Mahali pa Maji

Baiskeli niliyorithi kwa marehemu baba ni Phoenix nyeusi, ya magurudumu ya inchi 28, ile ambayo ukitaka kuipanda lazima uinue mguu kama mtu anayeruka ua. Ilipotoka dukani ilikuwa imekamilika: kengele, madigadi, kifuniko cha mnyororo, stendi, kufuli la nyuma, na keria nzito ya chuma inayobeba gunia bila kulalamika. Wiki chache zilizopita niliipindua chini ya mwembe nikaiosha, nikaisugua fremu bomba kwa bomba, ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyoiendesha. Haina mahali pa maji.

Mzigo umefikiriwa. Aliyeibuni baiskeli hii aliketi akajiuliza gunia litakaa wapi, tope litazuiwa na nini, mwizi atakwamishwaje, na mpita njia ataambiwaje apishe. Kwa kila swali kuna chuma kilichokunjwa kikakazwa kwa nati. Kiu ya mtu wa kitini haikuulizwa, iliachwa iwe shauri lake.

Baba alisafirisha asali kutoka Sikonge hadi Tabora mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 70, enzi barabara ile ilipokuwa mchanga na vumbi tupu. Alifunga madebe mawili nyuma. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja inakaribia kilo moja na nusu, na debe la lita 20 lina kilo kama 28. Maji yake mwenyewe aliyatia kwenye kidumu cha njano cha lita 3, akakifunga kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, kidumu kilipiga bomba la juu. Rangi imelika pale, nyuma kidogo ya usukani. Ni doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto, katikati chuma kimelainika kwa kusuguliwa na pembeni kutu imeanza kutia wekundu. Kitambaa changu kilipofika pale nilikaa kimya kwa muda. Ndiyo alama pekee katika baiskeli nzima inayoonyesha kwamba aliyeiendesha alikuwa akipata kiu.

Siku hiyo niliamua kuipa baiskeli ya baba kile ilichokosa tangu kiwandani: chuma cha kushikia chupa ya maji. Ni kitu kidogo sana, na hata jina lake la Kiswahili halijatulia. Wengine wanasema kishikio, wengine kibebeo, fundi wangu anasema tu "kile chuma cha chupa". Keria ina jina, madigadi ina jina, hata kile kipande cha bati kinachozuia suruali isimezwe na mnyororo kina jina. Nahisi kitu hupata jina kikishapata mwenye kukihangaikia.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona pengo hili, kwa sababu mji wetu uliinuka juu ya mabega ya wabeba mizigo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikapita hapa Unyanyembe, zikashuka mpaka Bagamoyo, na sehemu kubwa ya mwendo huo zilikuwa begani mwa mtu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe njiani, kwa hiyo aliyebaki wa kubeba ni binadamu, na aliyesifika kwa kazi hiyo kuliko wote ni Mnyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kati ya kilo 27 na 32. Nilipoihesabu asali ya baba nilishtuka: debe moja ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Baba alibeba ya wawili, tena yeye alikuwa na magurudumu.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, kama mahali hapa palivyoitwa na wageni, Novemba 1857, waliikuta njia yenye desturi zilizokwisha kukomaa. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia. Mizigo ilipimwa. Palikuwa na posho, yaani chakula cha mpagazi cha kila siku, na palikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi. Maneno hayo mawili bado tunayo, na kila mmoja anajua yameishia wapi: moja limeingia kwenye vikao vya ofisini, lingine limeingia gizani. Palikuwa pia na masango, nyaya nene za shaba zilizoviringishwa, zilizobebwa kutoka pwani kama bidhaa na malipo. Tajiri aliipima pembe yake, akapima shanga zake na nguo zake na masango yake. Kibuyu cha maji kilikuwa cha mpagazi mwenyewe, kimening'inia kwenye mzigo pamoja na chungu chake kidogo na kitu cha kulalia.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali. Leo ukisafiri kwa treni ya Reli ya Kati unalipita baada ya Manyoni, kupitia Itigi hadi Tura, na kupitia dirishani bado unaona vichaka vilivyosongamana, vya kijivu wakati wa kiangazi, visivyo na kijito. Wapagazi walilivuka kwa mbinu iliyoitwa terekeza. Hawakuondoka alfajiri kama kawaida. Walisubiri penye maji mpaka mchana, wakapika, wakala, wakanywa mpaka tumbo likakataa, wakajaza vibuyu, kisha jua likiwa bado kali wakaondoka. Walitembea mpaka usiku, wakalala pakavu, wakaamka gizani na kuendelea, na kabla jua halijawa kali wakawa wamefika kisima kinachofuata. Hivyo katika sehemu ambayo visima viko mbali mwendo wa siku nzima, mtu alilala usiku mmoja tu kwa maji ya kibuyu chake, na wala hakuna mchana mzima uliomkuta bila kuona maji.

Naipenda sana akili iliyomo katika terekeza. Haikutungwa na mwenye mali aliyeketi barazani Unguja. Ilitungwa na watu waliokuwa wakitembea wenyewe, waliojua kwamba kibuyu kina kipimo na mwili una kipimo, wakaupanga mwendo wote wa msafara kufuata vipimo hivyo viwili. Katika Mgunda Mkali hata pembe ilingoja maji. Tajiri mwenye haraka kuliko wote alilazimika kukaa kivulini mpaka wapagazi wanywe, kwa sababu mtu akianguka njiani, kilo 30 zinaanguka naye.

Ninapokwenda Kwihara, kijiji kilicho nje kidogo ya mji, hupita kwenye ile nyumba ya tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872. Stanley alirudi pwani Machi. Livingstone alibaki mpaka Agosti, na alichokuwa akingoja miezi yote hiyo ni watu: wapagazi wa kutoka pwani. Bila wao hakuweza kutoka. Mwaka uliofuata alifariki, na mwili wake ukapita tena Unyanyembe, safari hii ukiwa umebebwa na watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, mpaka Bagamoyo. Nyumba ile inalo jina la aliyebebwa. Silionei wivu jina hilo. Lakini kila nikisimama uani pale macho yangu hutafuta kibuyu.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyofuata vikamrudisha mpagazi barabarani, safari hii kwa kulazimishwa, mpaka jeshi la Wabelgiji likautwaa mji huu Septemba 1916. Baada ya hapo treni ilichukua njia kuu. Lakini kati ya stesheni na kijiji, kati ya mzinga na soko, mzigo ulibaki kuwa wa mtu, na mtu huyo akapanda baiskeli. Ukisimama leo asubuhi kwenye barabara yoyote inayoingia Tabora utamwona na mkaa, utamwona na kuni, na madumu ya maji ya kuuza, na mabelo ya tumbaku. Ni mpagazi yule yule, amepata mnyororo na pedeli.

Sasa nirudi kwenye chuma. Katika duka la vipuri nilionyeshwa kishikio cha aluminiamu, kizuri machoni, chepesi mno. Gramu 60 hivi, ukikiweka kiganjani kama hakipo. Nilikipenda, sitaki kusema uongo. Nikaomba nikijaribu. Kwanza, kinahitaji fremu yenye matundu mawili ya skrubu, yaliyoachana milimita 64, kama zilivyo baiskeli za mashindano na nyingi za gia. Phoenix haina matundu hayo. Pili, kimepimwa kwa chupa ya waendesha baiskeli wa mashindano, yenye kipenyo cha milimita 74 hivi, na chupa hiyo sijaikuta katika duka lolote ninalonunua. Niliingiza chupa ya maji ya nusu lita, ikacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Niliingiza ya lita moja na nusu, ikakataa mlangoni. Kwa hiyo kile kilikuwa kishikio cha kiu ya mtu mwingine, katika barabara nyingine.

Kuna jambo la tatu, ambalo nililijua kupitia kwa jirani yangu, mwalimu mwenye baiskeli ya gia. Chake cha aluminiamu kilikatika kwenye kona ya chini kabla kiangazi hakijaisha. Hakuanguka wala hakugonga kitu. Aluminiamu ina tabia hiyo: kila mtikisiko, hata mdogo, huacha uchovu kidogo ndani yake, na uchovu huo hauondoki, unajikusanya mpaka siku ufa unapojitokeza. Chuma cha kawaida ni tofauti. Mtikisiko ukiwa chini ya kiwango fulani, kinaweza kuustahimili miaka na miaka. Kwenye lami tofauti hiyo huenda usiione maishani. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, ukiwa na chupa ya kilo moja na nusu inayorukaruka, utaiona mapema. Jirani yangu alivihifadhi vipande vyote viwili akidhani vitaungwa. Mafundi wa kuchomelea wa mtaani walivitazama wakavirudisha, maana mashine zao ni za chuma, na aluminiamu inataka mashine yake na gesi yake.

Hapo ndipo uchaguzi uliponiingia moyoni. Nilikuwa nimejiuliza kipi ni chepesi na kipi kinang'aa. Swali nililopaswa kuanza nalo ni jingine: kikivunjika nikiwa Sikonge, nani ataweza kukitengeneza? Kitu kinachoshika maji ya mtu kinapaswa kuwa karibu na mikono ya watu anaoishi nao. Mwenye kushindana mbio achukue aluminiamu, ana sababu zake, na gari la mafundi linamfuata nyuma. Stenlesi nayo ingenifaa, haishiki kutu, lakini ingenibidi niisubiri kutoka Mwanza au Dar es Salaam na mchomeleaji wangu angeikunjia uso. Nilichagua chuma cha kawaida, cha duara, chenye unene wa milimita 6, kile ambacho watu hutengenezea grili za madirisha.

Fundi wangu anakaa chini ya mwembe karibu na stesheni. Umri wake unakaribia ule ambao baba angekuwa nao sasa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Leo pancha au breki?"

"Leo nataka mahali pa maji."

Akaizunguka baiskeli mara moja. Akaona doa kwenye bomba la juu, akaligusa kwa kidole gumba, hakusema kitu, alimfahamu baba. Kisha akauliza, "Unakunywa chupa gani?" Nikaanza kumweleza habari za milimita 74. Akanyanyua mkono. "Niletee chupa kwanza. Chuma tutakikunja baadaye."

Nikaenda kibandani nikarudi na chupa ya lita moja na nusu. Akaizungushia uzi, akaupima uzi kwenye chuma, akaweka alama kwa chaki. Alikuwa na kipande cha bomba la maji kilichofungwa kwenye jiriwa, chembamba kidogo kuliko chupa, kwa sababu chuma kikiachiwa hurudi nyuma kidogo, na fundi asiyejua hilo kila anachokunja hutoka kipana. Akakiegemeza chuma kwenye bomba, akakisukuma kwa uzito wa mwili wote, polepole, bila nyundo. Nyundo inaacha vidonda, alisema, na kidonda ndipo kutu inapoingilia. Kilipotoka kilikuwa pete mbili, moja juu, moja chini, zimeunganishwa na mgongo mmoja, na kitako kidogo cha kuzuia chupa isiteleze. Kijana wa kuchomelea wa jirani akazigandisha pembe nne. Fundi akapiga rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akakitundika tawini kikauke.

Kizima kina gramu kama 270. Kimezidi kile cha dukani kwa gramu 200 na kidogo, sawa na glasi moja ya maji. Nilimwambia. Akajibu kwamba basi nikianza safari ninywe glasi moja kabla ya kuondoka. Ndiyo terekeza ile ile, na sidhani kama aliwahi kusoma habari zake popote.

Nilitaka kitundikwe kwenye usukani, mahali pa baba. Hata wale wa mashindano ya Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20 walibeba chupa zao za bati usukanini. Fundi alikataa kwa upole. Maji usukanini huyumbisha gurudumu la mbele, na ukiwa na mzigo mzito nyuma gurudumu la mbele tayari ni jepesi na halikutii. Nyuma ya kiti ni pa keria. Pakabaki bomba la chini, lile linaloteremka kutoka shingo hadi kwenye pedeli, ambapo uzito hukaa katikati ya miguu na mkono ukishuka unaikuta chupa bila jicho kuhama barabarani. Nikamwuliza kama atatoboa matundu. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mtoto.

"Hili bomba ni mgongo. Mgongo hautobolewi kwa ajili ya chupa."

Akakata vipande viwili vya bati nene, akavikunja kuwa klipu za kukumbatia bomba, na kabla ya kukaza bolti akafungua mfuko wake akatoa ukanda wa tyubu kuukuu. Akaukata kwa wembe, akauviringisha kwenye bomba chini ya kila klipu, ili bati lisile rangi na mtikisiko usilegeze nati. Ukanda ule ule. Kwa baba ulifunga kidumu juu juu, kwangu umewekwa chini ambapo hauonekani. Nikageuza uso kidogo.

Tuna msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeusikia tangu utoto na siku zote niliuchukulia kama onyo kwa wenye maneno mengi. Siku hizi nauona kila mahali. Tunampigia simu kijana alete mkaa, tunakagua gunia kama limejaa, tunabishana bei, na gunia likishashushwa tunafunga geti. Ni wachache kati yetu wanaouliza, "Umekunywa maji?" Bibi yangu asingemwachia mtu aliyeleta mzigo aondoke kabla ya kumpa kata ya maji kutoka mtungini, na hakuihesabu kama hisani. Maji ya Ziwa Victoria yamekuja kwa bomba mpaka hapa, jambo ambalo wazee wetu wangelisikia kama ngano, na bado kata imepotea mlangoni. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi pia nimelifunga geti hilo.

Jumapili nilikwenda Kwihara kujaribu. Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali, mvua bado, miombo imeanza kutoa majani mekundu hata kabla ya tone la kwanza. Nilikunywa mara tatu bila kusimama. Chupa haikulia wala kucheza.

Wakati wa kurudi, kwenye mchanga, nilimkuta kijana anasukuma Phoenix yenye magunia matatu ya mkaa. Alikuwa ameinama hadi kifua kimegusa kiti. Nilipomsalimia aliitikia kwa pumzi tu. Chupa yake niliiona: ameichomeka nyuma, katikati ya magunia na kamba, mahali ambapo mkono haufiki. Ili anywe lazima asimame, atoe mti wa kuegemezea, auchimbie mchangani, aombe baiskeli isianguke. Kwa hiyo alikuwa hanywi. Alikuwa anangoja kufika.

"Simama, mdogo wangu, nikushikie."

Alisita, kisha akaniachia usukani. Akaichomoa chupa, akanywa kwa mkupuo, kichwa nyuma, na maji mengine yakashuka shingoni yakichora mistari kwenye vumbi la mkaa. Alipopumzika, macho yake yakaanguka kwenye baiskeli yangu iliyolazwa kando. Akaenda akachuchumaa, akapima ile pete ya juu kwa shubiri, akaitingisha.

"Nani kakutengenezea hii, kaka?"

"Fundi wa chini ya mwembe, karibu na stesheni. Ukienda, nenda na chupa yako. Ndiyo atakayokuuliza kwanza."

Alitikisa kichwa kukubali, akaketi kwenye mzizi, akaendelea kunywa taratibu. Mimi nilikuwa bado nimeishika ile baiskeli yake kwa mikono yote miwili, miguu nimeichimbia mchangani, na nilikuwa nimeanza kutetemeka mabegani.